Namna ya kuzunguka migahawa ya kahawa Addis Ababa ukiwa na siku moja au mbili

Kila mwaka kuna Watanzania na Wakenya kibao wanapita Addis Ababa na hawaioni. Umekata tiketi ya Ethiopian kwenda Guangzhou, Dubai, Washington au popote, unashuka Bole, unakaa saa nane au kumi kwenye kiti cha chuma na chaja mkononi, halafu unaondoka. Na huo uwanja wa ndege uko mjini kabisa, sio kama viwanja vingine unasafiri saa nzima kuufikia mji, hapa barabara ikiwa haina foleni dakika chache tu uko mtaani na harufu ya kahawa inayokaangwa inakufuata hata kama huitafuti. Mi nimepita pale mara kadhaa, mara nyingine nalala usiku mmoja, mara nyingine mbili, na nimejifunza taratibu namna ya kuzunguka kwa ajili ya kahawa tu. Naandika kwa mtu anayetokea kwetu, mtu aliyekulia kwenye kahawa chungu ya dele na kashata, au aliyekulia kwenye chai ya maziwa na kahawa anaijua ya unga kwenye kopo, wote mtafaidika.

Kitu kimoja nataka ukiweke kichwani tangu mwanzo: usipange migahawa kumi kwa siku. Panga mitatu, ikizidi minne. Kahawa ya Addis inataka ukae, na ukikimbia utakunywa vikombe vingi lakini ile yenyewe utaikosa.

Kabla hujatoka uwanjani

Visa kwanza. Wakenya wanaingia bila visa, Watanzania visa inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Ethiopia, fanya mapema ukiwa bado nyumbani. Kama unaunganisha ndege na kusubiri ni kwa muda mrefu, uliza siku unapokata tiketi kama unastahili hoteli ya transiti, Ethiopian wanawapa abiria wa namna hiyo ila inategemea aina ya tiketi, sasa wengi hawaulizi na ndo wale wanaolala kwenye viti.

Chukua sweta. Sitanii kabisa hapa, mtu wa Dar au Mombasa anadhani Afrika yote joto, Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ni baridi ya Lushoto na zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni mvua, mchana inashuka kweli kweli, kwa hiyo miezi hiyo kahawa ya nje panga asubuhi. Huo mwinuko pia unafanya ukipanda ngazi moyo unadunda, ukiongeza na vikombe vitano vya kahawa nzito ndani ya saa mbili unaanza kutetemeka mikono unadhani umeumwa, kumbe ni kahawa na hewa nyepesi. Kunywa maji katikati. Na usije katikati ya Februari kama unaweza kuepuka, ndo kipindi cha mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, hoteli zinajaa na bei zinapanda na barabara zinafungwa ovyo.

Pesa, badilisha kidogo tu. Birr ukitoka nayo nje ya Ethiopia hupati pa kuibadilisha, na tangu Julai 2024 walipoiachia ifuate soko imeshuka sana dhidi ya dola, kwa hiyo bei yoyote ya kikombe utakayosoma mahali ya miaka ya nyuma isahau. Migahawa mikubwa inapokea kadi, mtaani ni noti, na wenyeji wengi wanalipa kwa telebirr ya simu kama sisi na M-Pesa. Beba noti ndogondogo, mama wa kahawa wa barabarani ukimpa noti kubwa unamtesa.

Laini ya simu unapata pale pale uwanjani, Ethio Telecom au Safaricom, ndio hii hii Safaricom ya Kenya, iko Ethiopia tangu 2022. Inunue kwa sababu utahitaji teksi ya apu (Ride na Feres ndo zinazotumika sana) na wifi ya migahawa usiitegemee.

Saa zao ni saa zetu

Hii sehemu watalii wa Ulaya inawatoa jasho na sisi tumezaliwa nayo. Waethiopia wanahesabu saa kama Waswahili. Jua likichomoza siku inaanza, saa moja asubuhi ni saa moja, sio saba. Na neno lenyewe ni seat, sikiliza vizuri, ni ndugu na saa yetu. Lakini mtego uko hapa: wakiongea Kiingereza na wewe, wengine wanakutafsiria na wengine hawatafsiri, mtu anakwambia kwa Kiingereza tukutane tatu, na wewe kwa sababu ni Kiingereza akili yako inaenda saa tisa alasiri. Ilinitokea. Kuna mtu alinialika mgahawani asubuhi, nikafika alasiri, amesubiri mpaka akachoka na simu yangu haikuwa na laini. Iliniuma maana alitoka mbali. Sasa hivi kila nikipanga miadi nauliza, asubuhi au mchana, kwa saa ya Habesha au ya ferenji? Habesha ni wao wenyewe, ferenji ni mgeni. Uliza hivyo na hutakosea.

Kwenye maneno mengine pia una mtaji ambao mgeni mwingine hana. Kahawa wanaita buna, na sisi punje za kahawa tunaziita buni, nenda Kilimanjaro au Kagera uulize mkulima. Sukari ni sikwar. Chai ni shai. Bili ukitaka unasema hisab, yaani hesabu! Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani yule kijana kajifunza Kiswahili. Kufunga ni tsom, ndiyo saumu hiyo. Mengine ni kwa sababu Kiamhari, lugha yao, ni cha ukoo mmoja na Kiarabu, mengine yamekopwa tu, na sisi tumechukua maneno kwa Waarabu, kwa hiyo tunakutana njiani. Kwa kuanzia shika haya: and ni moja, hulet ni mbili, basi "and buna" umepata kikombe kimoja. Wetet ni maziwa. Yale sikwar ni bila sukari, na hii ishike maana usiposema mara nyingi inakuja tayari imetiwa na imetiwa ya kutosha. Sint new ni bei gani. Ishi ni sawa, utaisikia mara elfu. Na asante ni ameseginalehu, ndefu lakini ijifunze hata kwa kuivunja vipande kwenye ndege, ame-segi-nalehu, mama yeyote utakayemwambia hivyo atacheka kwa furaha na pengine atakuongezea.

Kituo cha kwanza, makiato ya kusimama

Asubuhi anza na makiato. Waitaliano waliivamia Ethiopia 1935 wakafukuzwa 1941, wakaacha mashine za espreso na tabia ya kunywa umesimama, na watu wa Addis wakaichukua ile tabia wakaifanya yao. Makiato ya Addis inakuja kwenye glasi ndogo, kahawa nzito na maziwa kidogo juu, unaona tabaka kabisa. Ukitaka iwe nyeusi zaidi sema tikur, ukitaka maziwa zaidi sema nech, yaani nyeusi na nyeupe. Kuna pia spris, nusu chai nusu kahawa, najua unakunja uso, ijaribu mara moja tu.

Jina kubwa ni Tomoca. Ni kifupi cha Kiitaliano, Torrefazione Moderna Café, yaani kiwanda cha kisasa cha kukaanga kahawa, wako tangu 1953 na duka lao la zamani ni la mtaa wa Piassa. Meza ndefu za kusimama, harufu imeingia mpaka kwenye mbao. Saivi wana matawi mengi mjini, hata upande wa Bole, kwa hiyo kama muda wako ni mdogo nenda la karibu, kahawa ni ile ile. Lakini ukiwa na siku nzima nenda pa zamani, na kabla ya kwenda ulizia hotelini au kwa dereva njia ikoje, maana Piassa na Kazanchis zimebomolewa sehemu kubwa tangu 2024 kupisha ujenzi wa mji, ramani ya zamani uliyopewa na rafiki itakuonyesha mtaa ambao sasa hivi ni barabara pana na maua. Mimi iliniuma kuona zile nyumba za zamani zimeondoka, sisi pia tunajua maumivu hayo, muulize mtu wa Kariakoo.

Utaratibu wa sehemu za namna hii: mara nyingi unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, unampelekea anayetengeneza. Usiende moja kwa moja kwenye mashine ukaanza kuagiza, utapishana na watu wanaowahi kazini. Unakunywa, dakika kumi, unampisha mwingine. Hapa sio pa kufungua laptopu. Simama, angalia watu, mzee mwenye suti na fimbo pembeni ya kijana wa ujenzi, wote glasi moja na hakuna anayemwangalia mwenzake kwa jicho la chini. Hiyo peke yake inanifurahisha.

Kama ni Jumatano au Ijumaa, au ile mfungo mrefu wa siku 55 kabla ya Pasaka yao, Wakristo wa Orthodox hawagusi kitu cha mnyama, maziwa wala mayai. Maziwa utapewa wewe mgeni sehemu nyingi, lakini keki uliza ya tsom, zile zisizo na mayai wala siagi, ziko na ni tamu, na mtu asiyekula vitu vya wanyama siku hizo anakula kwa amani kuliko mji wowote nilioufika. Muislamu mwenzangu, kwenye kahawa na keki huna shida, kwenye nyama ndo uulize, kule bucha za Waislamu na za Wakristo ni tofauti na kila mtu anajua, ukiuliza hakuna anayekasirika.

Jebena, hapa ndo ukae

Sasa. Yote niliyosema hapo juu unaweza kuruka, hii usiruke.

Jebena ni chungu cha udongo, cheusi, tumbo mviringo na shingo ndefu. Utamkuta mama au dada amekaa kwenye kibaraza, kwenye ukumbi wa ofisi, nje ya duka la nguo, chini ya turubai, ana meza ndogo ya chini inaitwa rekebot imejaa vikombe vidogo visivyo na mkono vinaitwa sini, kama vile vya wauza kahawa wetu wa Tanga na Unguja wanaotembea wanavigonganisha. Chini ametandaza majani mabichi kama nyasi ndefu, pembeni jiko la mkaa, na ubani unafuka. Ndiyo, ubani, ule ule wa nyumbani kwa bibi. Viti ni vistuli vifupi, magoti yanakuja kifuani, na jirani yako uko naye bega kwa bega.

Namna ya kuingia: salimia, selam, subiri uonyeshwe pa kukaa, au kama kuna kistuli wazi onyesha kwa mkono na uulize kwa macho. Usisogeze kistuli mwenyewe ukakiweka juu ya zile nyasi ovyo, yale majani yametandazwa kwa heshima. Agiza "and buna". Kama mama ni mtu mzima mwite emama, ni heshima kama sisi tunavyosema bi mkubwa. Halafu subiri, na usitoe simu mara moja.

Ukibahatika umekuta ndo anaanza mkaango mpya. Anaosha buni mbichi, anazikaanga kwenye kikaango cha bati juu ya mkaa, anazitikisa zisiungue upande mmoja, zinaanza kupasuka pa pa pa, zinatoa mafuta zinang'aa. Hapo anakizungusha kikaango kwa watu wote moshi ukiwa unafuka. Ikifika zamu yako usikae kama gogo, vuta ule moshi kwa kiganja kuja puani, ndo unavyompa sifa zake. Kisha anatwanga kwenye kinu kidogo, wengi wa mjini wanatumia mashine ya kusaga na sio dhambi, anatia kwenye jebena yenye maji ya moto, inachemka, anaiipua anaiegemeza kwenye kitu cha mviringo, ni kata kabisa, kata ya kubebea ndoo kichwani, ili machicha yatulie chini. Ukimwona ameiacha pale na anaongea na watu usidhani amekusahau. Ikimwagwa kabla haijatulia utakula machicha.

Kumimina ni fundi. Anainua juu, mchirizi mmoja mwembamba, anapita kikombe hadi kikombe bila kukata mpaka vyote vijae hadi mdomoni. Kikombe kimejaa kweli, hakuna pa kushikia, shika kwa ncha za vidole kwenye ukingo na ukaribie nacho mdomo badala ya kukivuta. Wakati mwingine anatumbukiza kijani kidogo kinaitwa tena adam, jani lenye harufu kali kama la dawa, mimi nalipenda sana, ila mkataze kama hupendi. Na bisi, zile popcorn, ziko kwenye sahani, wanaita fendisha, au kolo ambayo ni shayiri ya kukaanga. Sisi kashata na wao bisi, kila mtu amejua kivyake kuwa kahawa chungu inataka cha kutafuna.

Ladha yake sio kali kama unavyotegemea. Kahawa yetu ya dele imeiva ikaiva na tangawizi ndani, hii ni safi zaidi, ina uchachu kwa mbali na harufu inakaa kooni. Uliza kahawa ya wapi, watajibu kwa majivuno, Jimma, Harar, Sidama, Yirgacheffe, Guji, kila mmoja wa kwao ndo bora. Inayotoka Harar nakushauri uitafute, ina harufu kama ya matunda yaliyokauka. Na usisahau kwamba hawa watu wanakunywa karibu nusu ya kahawa yote wanayovuna. Sisi mkulima wa Mbinga anauza zote ziende Japani na Italia halafu anakunywa chai. Nikikaa pale namwona dereva wa lori anakunywa kahawa ambayo Ulaya inauzwa kwa bei ya kutisha, kikombe cha tatu, na hana haraka, nafikiria nyumbani mpaka nanyamaza.

Jambo la vikombe vitatu sasa. Mtaani unalipia kikombe unaondoka, hakuna wa kukulaumu. Lakini ukialikwa nyumbani kwa mtu, na ukiwa na rafiki wa Kihabesha utaalikwa tu, mwiko kuondoka baada ya kimoja. Mzunguko wa kwanza unaitwa abol, ndo mzito. Maji yanaongezwa kwenye machicha yale yale yanachemshwa tena, wa pili, tona. Wa tatu ni bereka, na hapa sikio lako la Kiswahili limeshaelewa, ni baraka. Mwepesi kama chai, wakati mwingine hata watoto wanaonjeshwa, na wazee wanasema ile ya tatu ndo inayobeba dua. Safari ya kwanza nilialikwa na familia ya mtu niliyefahamiana naye kazini, nikanywa abol, nikashukuru sana, nikasimama kuaga kwa sababu nilikuwa nimepanga migahawa mingine miwili jioni ile. Bibi wa nyumba hakusema kitu, aliangalia jebena tu. Yule jamaa akanifuata mlangoni akaniambia kwa upole, kaka, umekunywa kahawa na baraka umeiacha. Nikarudi ndani nikakaa chini. Tulimaliza saa tatu za usiku, yule bibi akaniuliza habari za mama yangu, idadi ya ndugu, kama kwetu kunanyesha. Ile migahawa miwili hata majina siyakumbuki.

Kwa hiyo ukialikwa tenga saa mbili nzima, nenda na kitu mkononi, matunda au sukari au kilo ya buni mbichi, na usipange kitu baada yake.

Migahawa ya kisasa na laptopu

Kama unahitaji kukaa na kufanya kazi, nenda upande wa Bole na maeneo ya karibu. Kaldi's wana matawi kila kona, jina wamelitoa kwa yule mchungaji mbuzi wa hadithi aliyeona mbuzi wake wanaruka ruka baada ya kula matunda ya kahawa. Viti vyema, keki, vyoo safi. Galani ni pa wale wanaopenda kahawa ya kuchuja taratibu na kuelezwa shamba limetoka wapi, bei iko juu lakini unajifunza. Umeme ukikatika usishangae, chaji kila kitu hotelini. Zaidi ya hapo sina mengi, ni migahawa mizuri kama ya Masaki au Westlands.

Watu wa kuwaangalia

Addis ni mji wa watu waungwana, nimetembea sana kwa miguu na nimesaidiwa kuliko nilivyosumbuliwa. Lakini kuna mchezo mmoja wa kujua. Kijana amevaa vizuri, Kiingereza safi, anakwambia ni mwanafunzi au anafanya kazi hoteli uliyofikia, leo kuna sikukuu na sherehe ya kahawa ya kienyeji kwa dada zake, twende ukaone. Unaingia nyumba ya ndani ndani, kahawa inaletwa, vinywaji vingine unaletewa hujaagiza, wasichana wanakaa, halafu bili inakuja ya mamia ya dola na mlangoni kumesimama watu. Msafiri mwenzangu mmoja kaingia humo akatoka hana kitu. Kanuni yangu ni rahisi: mwaliko wa mtu niliyemjua dakika tano barabarani nashukuru nakataa, mwaliko wa mtu ninayemfahamu kupitia kazi au rafiki nakubali kwa mikono miwili. Na popote ambapo hakuna bei ukutani, uliza sint new kabla hujakaa. Piassa na Merkato, lile soko kubwa, simu iwe mfuko wa mbele.

Picha, omba ruhusa. Mama wa jebena akikataa basi, na majengo ya serikali na ikulu usielekeze kamera kabisa.

Ya kubeba nyumbani

Nunua iliyokaangwa, punje nzima kama una kinu au mashine, na ununue mjini, sio uwanjani ambako bei inaruka. Tomoca na Alem Buna wanakupimia na kufunga vizuri. Uliza imekaangwa lini, wasikuuzie iliyokaa rafu muda mrefu. Tunza risiti mpaka upite ukaguzi. Jebena pia unaweza kubeba, Merkato ziko za kila saizi, ila ni udongo, ifunge kwenye nguo na uingie nayo mkononi kwenye ndege, yangu ya kwanza niliiweka kwenye begi la chini ikafika Dar vipande.

Ya pili ilifika salama. Ukifika nayo usiitumie siku hiyo hiyo, chemsha kwanza maji na machicha ya kahawa ndani yake mara mbili tatu umwage, itoe harufu ya udongo. Kisha jaza maji kama robo tatu, yakichemka tia unga wa kahawa vijiko vitatu vikubwa kwa vikombe sita vidogo, simama karibu maana ikipanda shingoni inafurika ghafla, iipue, irudishe, iipue tena, halafu iegemeze kwenye kata dakika tano bila kuigusa. Nyumbani kwetu Tanga mzee alishikilia tangawizi isikose, nikamtilia kidogo kwenye kikombe chake pembeni, akanywa cha kwanza kimya, cha pili akaomba bila tangawizi, na nikamwambia kuna cha tatu.